Mali Bila Daftari: Tuwafundishe Wanafunzi Kuhesabu Programu Zilizomo Katika Kompyuta

Mtu aendaye Njiro kutoka katikati ya jiji la Arusha, Mlima Meru ukiwa mgongoni pake, hufika mahali penye taasisi tatu ambazo kwa mtazamo wa kwanza hazina udugu wowote. Kuna Chuo cha Uhasibu Arusha, ambako vijana hufundishwa kutunza leja na kukagua bohari. Kuna Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, ambayo wataalamu wake huruka kwa ndege ndogo juu ya mbuga wakihesabu tembo, nyati na twiga. Kuna pia Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, ambayo hufuatilia vyanzo vya mionzi, kuanzia mashine za eksirei za hospitalini hadi vifaa vya viwandani, ili pasiwepo chanzo kisichojulikana kiliko na nani anayekitunza.

Kazi zao ni mbalimbali, lakini shina lao ni moja: kujua kilichopo, kukiandika, na kukihakiki tena baada ya muda. Wahenga wetu walilisema jambo hili kwa maneno machache: mali bila daftari hupotea bila habari.

Katika makala haya napenda kutoa rai kwamba methali hiyo iwe somo la kwanza katika vyumba vyetu vya kompyuta. Mwanafunzi wa sekondari, kabla hajafundishwa kuchora jedwali au kupamba barua, afundishwe kuiuliza mashine iliyo mbele yake: una programu gani ndani yako, za toleo gani, na ziliwekwa na nani? Afundishwe kuuliza swali hilo kwa mstari wa amri, yaani kwa kuandika maneno kwenye kibodi, na kulisoma jibu kwa makini. Ninaamini kwamba asiyeweza kuuliza swali hilo haimiliki kompyuta, hata kama risiti ina jina lake.

Kisa cha diski zilizojaa

Miaka michache iliyopita mwalimu mmoja wa Fizikia aliniomba nikatazame chumba cha kompyuta cha shule yake, isiyo mbali na Njiro. Shule ilikuwa imepewa kompyuta zilizokwisha kutumika kwingine, zote zikiendeshwa na Ubuntu, mfumo usiouzwa. Kwa muda mambo yalikwenda vizuri. Kisha wanafunzi wakaanza kushindwa kuhifadhi kazi zao. Kila walipojaribu, mashine iliwajibu kwamba diski imejaa. Fundi aliyeitwa kwanza alishauri zinunuliwe diski mpya kwa mashine zote. Gharama yake ingemeza fedha zilizotengwa kwa vifaa vya maabara ya Kemia.

Nilimwuliza mwalimu, "Je, ndani ya mashine hizi kuna programu gani?" Akaanza kunionyesha picha ndogo zilizopangwa kwenye kioo: ya kuandikia, ya hesabu, ya kuchora, ya kutazamia picha. Hazikufika arobaini. Ndipo tukafungua dirisha la amri na kuandika maneno haya:

dpkg -l | grep '^ii' | wc -l

Mashine ikajibu kwa tarakimu moja tu: zaidi ya 1,800. Darasa zima likaguna. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili akauliza, "Mwalimu, kwani hivi vyote ni vyetu?" Sijapata kusikia swali la kisayansi lililo zuri kuliko hilo katika chumba cha kompyuta.

Tulipoisoma orodha yenyewe tulikuta viini vya zamani vya mfumo vipatavyo tisa. Kila mfumo ulipofanyiwa marekebisho kiini kipya kiliwekwa, na kile cha zamani hakikuondolewa. Kila kimoja, pamoja na viambatanisho vyake, kilichukua mamia ya megabaiti. Tulikuta pia michezo ambayo hakuna aliyekiri kuiweka, na programu nzima ya kutunzia data ya ofisi ambayo pengine ilibaki kutoka kwa wenyeji wa kwanza wa mashine hizo. Tuliuliza kwanza kiini kipi ndicho kinachotumika, kwa amri ya uname -r, tukakiacha hicho pamoja na kimoja cha akiba, kisha tukaondoa vingine na vile visivyohitajika. Diski zikapata nafasi, na fedha za Kemia zikabaki mahali pake.

Simlaumu fundi. Alifanya kama daktari amwonaye mgonjwa na kuandika dawa bila kumwuliza amekula nini. Kosa ni letu sote tuliomlea kijana wa kompyuta katika kutazama picha za kwenye kioo, tukasahau kumfundisha kuhesabu.

Kwa nini arobaini na si elfu na mia nane?

Yafaa tueleze tofauti hii, maana ndani yake mna elimu. Programu moja aionayo mtumiaji mara nyingi haisimami peke yake. Ile ya kuandikia barua hutegemea nyingine ya kuchora herufi, nyingine ya kukagua tahajia, nyingine ya kufungua picha, na nyingine ya kuzungumza na mashine ya kuchapia. Kila mojawapo ya hizo hutegemea nyingine tena. Ni kama ugali mezani: mlaji huona ugali na mboga, lakini nyuma yake kuna shamba, jembe, mbegu, mashine ya kusaga, gunia, barabara na kuni.

Mafundi wa mifumo huru waliona mapema kwamba utegemezi huu ukiachwa bila daftari utaleta vurugu. Zamani programu ilinakiliwa ndani ya diski faili kwa faili, na baada ya mwaka hakuna aliyejua faili lipi ni la nani. Ukiondoa moja, ya pili inaanguka. Mwaka 1993 kijana Mmarekani, Ian Murdock, alianzisha mfumo uitwao Debian, na mwaka 1994 ikatokea programu ya kutunza mafungu ya programu, iitwayo dpkg. Kundi jingine, la Red Hat, lilitengeneza ya kwake iitwayo rpm. Wazo lao lilikuwa moja. Programu ifungwe katika kifurushi chenye lebo inayotaja jina lake, toleo lake, mtunzaji wake na vifurushi vingine inavyovitegemea. Na kila kifurushi kinapoingia au kutoka katika mashine, kiandikwe katika daftari.

Debian imekua tangu wakati huo. Toleo lake la 13, lililotolewa mwezi Agosti 2025, lina vifurushi karibu 70,000 katika ghala lake. Ubuntu, ambayo shule nyingi huipata katika kompyuta za msaada, imejengwa juu ya msingi huo huo, na daftari lake ni lile lile.

Daftari hilo si fumbo. Liko katika faili liitwalo /var/lib/dpkg/status, nalo ni maandishi ya kawaida ambayo mwanafunzi anaweza kuyafungua na kuyasoma. Jambo la kumtia moyo mwalimu wa shule isiyo na mtandao ni kwamba kulisoma hakuhitaji intaneti wala senti moja. Mashine inayajua yaliyomo ndani yake hata ikiwa imefungiwa kabatini.

Kulisoma daftari

Mwalimu akitaka kulifundisha somo hili, aanze na amri fupi ya dpkg -l. Herufi ya mwisho ni l ndogo. Kioo kitajaa mistari mingi, na kila mstari ni kifurushi kimoja. Kwa mpangilio, mstari huonyesha hali ya kifurushi, jina lake, toleo lake, aina ya mashine kilichotengenezewa, na maelezo mafupi.

Hali ya kifurushi huandikwa kwa herufi mbili, na hizo ndizo zinazostahili kuchunguzwa zaidi. Herufi ya kwanza hueleza kilichokusudiwa, na ya pili hueleza hali ilivyo hasa. Mstari ukianza na ii, maana yake ni kwamba kifurushi kilitakiwa kiwemo, na kweli kimo. Ukianza na rc, kifurushi kiliondolewa lakini mipangilio yake bado imebaki, kama mpangaji aliyehama akaacha vyombo uani. Mwanafunzi wa Chuo cha Uhasibu ataitambua hesabu hii mara moja, maana bohari nayo ina idadi iliyoandikwa leja na idadi iliyomo rafuni. Kazi ya mkaguzi ni kuzilinganisha.

Baada ya hapo mwanafunzi ajifunze kuchuja. Ule mstari wima katika amri niliyoitaja juu hupokea jibu la amri ya kwanza na kulikabidhi kwa amri ya pili. Hivyo dpkg -l hutoa orodha, grep '^ii' huchagua mistari inayoanza na ii, na wc -l huihesabu. Amri tatu ndogo zimefanya kazi moja kwa ushirikiano, na mwanafunzi aliyelielewa hilo ameanza kuelewa namna mafundi wa kompyuta wanavyofikiri.

Aidha, ajifunze maswali mengine matatu. Akitaka kujua faili fulani limeletwa na kifurushi kipi, ataandika dpkg -S na anwani ya faili hilo; kwa mfano, dpkg -S /usr/bin/python3 humjibu kwamba faili hilo ni la kifurushi kiitwacho python3-minimal. Akitaka kujua kifurushi kimeleta mafaili gani, ataandika dpkg -L na jina la kifurushi, safari hii kwa L kubwa. Na akitaka kutenganisha vilivyochaguliwa na mtu na vilivyokuja tu kwa sababu ya utegemezi, ataandika apt-mark showmanual.

Mwenye mashine ya Fedora au nyingine ya ukoo wa Red Hat ataandika rpm -qa. Mwenye mashine ya Windows ya siku hizi anaweza kuandika winget list. Maneno hutofautiana, lakini swali ni lile lile.

Napendekeza pia jaribio ambalo darasa lolote linaweza kulifanya kwa muhula mmoja. Siku ya kwanza ya muhula wanafunzi waandike:

dpkg-query -W > mwanzo.txt

Alama ile ya mshale huliweka jibu katika faili badala ya kulionyesha kwenye kioo. Siku ya mwisho waandike amri hiyo hiyo, wakitumia jina la mwisho.txt. Kisha wayalinganishe mafaili mawili:

diff mwanzo.txt mwisho.txt

Mistari yenye mshale unaotazama kushoto ilikuwemo mwanzoni, nayo imetoweka au imebadilika. Yenye mshale unaotazama kulia imeingia baadaye. Darasa lijadili kila badiliko: nani alilifanya, kwa ruhusa ya nani, na kwa faida gani. Hapo kompyuta itakuwa imegeuka maabara, na wanafunzi watakuwa wamefanya uchunguzi wenye ushahidi.

Siku ambayo dunia nzima iliulizwa swali hili

Huenda msomaji akadhani kwamba haya ni mambo ya usafi tu, mfano wa kufagia chumba. La, hasha. Kuna siku ambazo kujua au kutojua kilichomo katika mashine ni suala la usalama.

Mwezi Aprili 2014 ilitangazwa kasoro kubwa katika programu iitwayo OpenSSL, ambayo hulinda mazungumzo ya siri kati ya kompyuta na kompyuta. Kasoro hiyo, iliyopewa jina la Heartbleed, ilimwezesha mtu wa mbali kuchota vipande vya kumbukumbu ya mashine, na humo mngeweza kuwa na maneno ya siri ya watu. Matoleo yaliyoathirika yalianzia 1.0.1 hadi 1.0.1f. Hapa pana jambo la kufundisha. Watunzaji wa Debian waliiziba kasoro hiyo bila kubadilisha toleo la msingi. Lililozibwa liliitwa 1.0.1e-2+deb7u5. Mtu aliyesoma 1.0.1e tu aliogopa bure, au alijidhania salama bure. Aliyesoma mpaka tarakimu ya mwisho ndiye aliyejua ukweli. Sayansi hudai kusoma kipimo chote, wala si nusu yake.

Miaka kumi baadaye, tarehe 29 Machi 2024, mhandisi mmoja, Andres Freund, aliitangazia dunia jambo la kutisha zaidi. Alikuwa ameona kwamba kuingia katika mashine yake kwa njia ya mbali kulichelewa kwa takriban nusu sekunde kuliko kawaida. Wengi wetu tungelipuuza hilo. Yeye alifuatilia mpaka akakuta kwamba ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili, mtu alikuwa ameficha mlango wa siri. Mlango huo ulikuwa katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeuweka alikuwa akitumia jina la Jia Tan, na alikuwa amefanya kazi njema katika mradi huo kwa zaidi ya miaka miwili hadi akaaminiwa.

Siku hiyo kila mtunza mashine duniani aliulizwa swali moja: mashine yako ina xz ya toleo gani? Aliyezoea daftari aliandika dpkg -l liblzma5 xz-utils akapata jibu kabla chai haijapoa. Wengi waliotumia toleo imara la Debian waligundua kwamba wao hawakuguswa, maana matoleo yale yalikuwa yamefika tu katika sehemu za majaribio. Lakini hata habari njema humfikia yule tu anayeweza kuisoma. Asiyeweza alibaki na hofu isiyo na kipimo, au utulivu usio na msingi. Na sijui kati ya hivyo viwili kipi ni kibaya zaidi.

Wasemao kwamba jambo hili halituhusu

Nimeyasikia mapingamizi matatu, nayo yanastahili majibu.

Pingamizi la kwanza ni kwamba mstari wa amri ni mambo ya kale, na kwamba vijana wa leo wamezoea kugusa kioo cha simu. Ni kweli wamezoea. Lakini tusichanganye mazoea na maarifa. Picha za kwenye kioo zilichaguliwa na mtengenezaji ili kumwonyesha mtumiaji yale ambayo mtengenezaji aliona yanamfaa. Amri huonyesha yale ambayo mtumiaji mwenyewe ameuliza. Mwanafunzi anayejua kugusa tu huishi ndani ya majibu aliyopangiwa na mtu mwingine.

Pingamizi la pili ni lugha. Inasemwa kwamba amri hizi zimetokana na Kiingereza, na kwa hiyo ni mzigo kwa wanafunzi wetu. Hoja hii ina uzito, na wako waliojaribu kuupunguza. Mwezi Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, na kazi ile ilionyesha kwamba lugha yetu inaweza kabisa kuibeba kompyuta. Hata hivyo, amri za daftari hazizidi kumi, na nyingi ni vifupisho ambavyo hata Mwingereza hana budi kujifunza kama mtoto. Mwanafunzi aliyejifunza alama za elementi, Na kwa natiri na Fe kwa chuma, hatashindwa na dpkg -l. Maelezo na mjadala vifanyike kwa lugha wanayoielewa wote, na amri zibaki alama tu.

Pingamizi la tatu ndilo linalonisumbua zaidi, nalo ni lile lisemalo, "Hayo tuwaachie wataalamu." Historia ya nchi yetu inatupa onyo kuhusu jambo hili. Kompyuta ya kwanza ya Serikali, aina ya ICT 1500, iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baada ya miaka kadhaa hesabu za Hazina zilizotegemea mashine ziliingia katika vurugu, na utaalamu ulikuwa mikononi mwa wageni wachache. Mwaka 1974 Serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta nchini, na vizuizi hivyo vilichukua miaka mingi kulegezwa. Wengine huihukumu amri ile kwa ukali, na wengine huitetea. Mimi naona fundisho moja: mashine ambayo wenyeji wake hawawezi kuihoji, siku ikiharibika, huonekana ni adui, na njia pekee inayobaki ni kuifungia mlango. Leo hatuwezi wala hatutaki kufunga mlango. Basi na tujifunze kuhoji.

Daftari nalo lina mipaka

Haitakuwa haki kulisifu daftari bila kutaja upungufu wake. Wataalamu wa wanyamapori wa Njiro wanajua kwamba ndege haioni kila mnyama. Wapo waliofunikwa na miti, na mara nyingi huhesabiwa vipande tu vya ardhi, kisha jumla hukadiriwa kwa kanuni za takwimu. Wanaitoa hesabu yao pamoja na kiasi cha mashaka yake.

Vivyo hivyo, dpkg hujua tu kile kilichopita mlangoni pake. Programu iliyonakiliwa kutoka katika flashi, au iliyotengenezwa na mwanafunzi mwenyewe na kuwekwa katika /usr/local, haimo katika daftari hilo. Zipo pia njia nyingine za kuweka programu, kama pip ya lugha ya Python na snap ya Ubuntu, nazo zina madaftari yake. Pip list na snap list huyafungua. Tena, faili lililoandikwa vizuri katika daftari linaweza kuwa limebadilishwa baadaye, na ndiyo sababu ipo amri ya dpkg --verify, ambayo huyalinganisha mafaili yaliyopo na alama zilizowekwa yalipoingia. Na mashine iliyokwisha kutekwa kabisa inaweza hata kudanganya.

Mipaka hii haipunguzi thamani ya somo; huiongeza. Mwanafunzi atajifunza kwamba kumbukumbu si kitu chenyewe, kwamba kila kipimo kina kosa lake, na kwamba mtafiti mwaminifu husema amehesabu nini na hakuhesabu nini. Somo hilo litamfaa akiwa daktari wa mifugo, karani wa bohari au mwalimu.

Tufanye nini basi?

Mapendekezo yangu ni machache, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti mpya. Kwanza, kipindi cha kwanza cha kompyuta katika kila shule yenye mashine kiwe cha kuhesabu vilivyomo. Pili, kila kompyuta ya shule iwe na karatasi yake katika jalada, yenye jina la mfumo, toleo lake, idadi ya vifurushi na tarehe ya kuhakikiwa. Na wanafunzi wenyewe ndio waitunze. Tatu, shule ipokeapo kompyuta za msaada iombe orodha ya programu zilizomo, na isipopewa, iiandae yenyewe kabla mwanafunzi yeyote hajaketi. Hili ni la lazima zaidi kwa mashine za Windows 10, ambazo uangalizi wake wa kawaida kutoka kwa watengenezaji ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Nne, mtu yeyote anayeongeza au kuondoa programu, awe mwalimu, fundi au mgeni, aandike alichofanya na sababu yake.

Nimalizie kwa kurudi Njiro. Mwaka 2009 tembo wa Tanzania walikadiriwa kuwa takriban 109,000. Hesabu ya mwaka 2014 ilionyesha kwamba walikuwa wamebaki takriban 43,000. Msituni hapakuwa na kengele iliyolia siku yoyote katika miaka ile mitano. Mtalii aliyefika mbugani aliwaona tembo, akapiga picha, akarudi nyumbani ameridhika. Daftari ndilo lililosema ukweli, nalo ndilo lililowaamsha wenye dhamana na dunia nzima juu ya ujangili uliokuwa ukiendelea.

Kompyuta za shule zetu si tembo, lakini zimenunuliwa kwa jasho la wazazi au zimetolewa kwa imani ya wafadhili, na ndani yake tunaziweka kazi za wanafunzi, alama zao na siri zao. Kioo kinachong'aa hakitatuambia kilichopotea wala kilichojipenyeza. Shime, walimu, shime, wanafunzi. Fungueni dirisha la amri, andikeni dpkg -l, na muanze kusoma kuanzia mstari wa kwanza.